Ramani, Pazia na Kisima

Wengi walioipenda The Lord of the Rings walianzia kwenye ramani. Ilichorwa na Christopher, mwana wa J.R.R. Tolkien, kwa ajili ya toleo la kwanza la 1954 na 1955, na msomaji huirudia katika kila sura akifuata kwa kidole mto huu na mlima ule, hadi anafika mpakani mwa Mordor, nchi ya adui. Ni mapenzi ya mtu aliyejitenga na kitabu chake usiku. Hataki kujua yatakayompata Frodo, shujaa wa hadithi, tu. Anataka pia kujua magofu anayoyapita yalijengwa na nani, na ufalme ule ulianguka kwa sababu gani. Tolkien, aliyefundisha Kiingereza cha kale Oxford, alibuni lugha za Waelfi kabla ya kuwatungia Waelfi wenyewe historia ya kuishi ndani yake. Mwishoni mwa juzuu ya tatu aliweka nasaba, kalenda na maelezo ya herufi. Wapo wanaoziruka kurasa hizo. Anayezisoma zote ameshanaswa.

Huko Delhi na Lucknow, India, katika karne ya 19, mtu alinaswa kwa sikio. Wasimulizi waliketi kwenye ngazi za Jama Masjid mjini Delhi, wakisimulia kwa Kiurdu Dastan-e Amir Hamza. Shujaa wake ana jina la Hamza, ami yake Mtume, ila matendo yake humo ni ya kubuni tangu mwanzo hadi mwisho: majini, wachawi, farasi wa ajabu, miji inayochipuka kwa uganga na kutoweka kwa uganga. Mfalme Akbar alikwisha kuyapenda masimulizi hayo karne tatu kabla, akaamuru yachorwe katika picha kubwa zipatazo 1,400. Kisha kuanzia 1883 kiwanda cha chapa cha Naval Kishore, Lucknow, kikaanza kuyachapa kwa mfululizo, na yakafikia juzuu 46. Sehemu iliyopendwa kupita zote ni Tilism-e Hoshruba, iliyoandikwa na Muhammad Husain Jah na kuendelezwa na Ahmad Husain Qamar. Hoshruba ni nchi nzima iliyosimamishwa kwa uchawi, chini ya mfalme Afrasiyab, na imeandikiwa tangu mwanzo kwamba itabomoka siku atakapofika aliyekusudiwa kuibomoa.

Ustadi uliosifiwa sana kwa wasimulizi hao ulikuwa ule wa kuizuia hadithi isisogee. Inasimuliwa kwamba bingwa mmoja aliwafikisha wasikilizaji mahali ambapo mpenzi na mpenziwe wametenganishwa na pazia tu, akawaweka hapo siku kadhaa, akilieleza pazia, chumba na mioyo ya wawili wale, na hakuna aliyeondoka. Mpenzi wa Tolkien huuogopa ukurasa wa mwisho na huanza kusoma polepole anapoukaribia. Mpenzi wa Hamza hakuwa na ukurasa wa mwisho wa kuogopa.

Sasa twende Lamu. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa, mshairi, mwandishi wa hati na mchonga milango, alitunga Utendi wa Fumo Liyongo kutokana na masimulizi ambayo pwani nzima iliyajua. Edward Steere alikwisha kuchapisha habari za Liyongo katika kitabu chake cha 1870. Kwa hiyo msikilizaji wa Kijumwa hakuwa na swali la nini kitatokea. Alijua kwamba sultani wa Pate anamhofia Liyongo na atamfunga. Alijua kwamba Saada, kijakazi, ataleta mkate wa wishwa, kwa kuwa walinzi huula mkate mzuri na kuuacha mbovu, na ndani yake imefichwa tupa. Alijua pia kwamba Liyongo ataomba achezewe ngoma ya gungu kabla ya kuuawa, na chini ya kelele za ngoma atakereza minyororo mpaka ikatike. Alijua hata kwamba mwana wa Liyongo mwenyewe, kwa ahadi ya kuozwa binti wa sultani, atamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, mahali pekee ambapo mwili wake uliweza kudhurika.

Anayejua yote hayo anabaki kusikiliza nini? Kwanza anasikiliza vina. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane. Vitatu hukubaliana, na cha nne hurudi kwenye kina kilekile kinachoufunga utendi wote. Sikio hungojea urejeo huo kila mara, nao huja. Pili, anamsikiliza mtu. Utendi haukawii kueleza milima na mito, maana wasikilizaji wanaishi hapohapo. Unakaa na Liyongo, na mamake anayemlilia, na mwana anayebabaika kabla ya kuchoma. Kwangu mimi, mashaka ya yule kijana yana uzito kuliko vita vingi vilivyojaza kurasa mia.

Kuhusu miisho, Tolkien na Kijumwa wanakaribiana kuliko nilivyotarajia. Frodo, baada ya safari yote ile, anafika ukingoni mwa moto na kukataa kuitupa pete ya nguvu aliyokwenda kuiangamiza. Inaangamia kwa sababu Gollum, kiumbe anayeitamani pete hiyo, anamng'ata kidole, anaipata na kutumbukia nayo. Nchi inaokoka, aliyeiokoa haokoki: anarudi kwao na jeraha lisilopona, mwisho anapanda jahazi na kuondoka. Mwandishi wake alikuwa askari katika vita vya Somme mwaka 1916, na sioni ajabu kwamba hakuweza kuandika ushindi usio na hasara. Liyongo naye anakufa akiwa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, na watu hawathubutu kuteka maji kwa kumdhania yu hai. Mji umemwondoa mtu wake mwenye nguvu, na jambo la kwanza unalolipata ni kiu. Mwanawe hapati ile ndoa.

Hamza yuko mbali na wote wawili. Huko nguvu za uchawi hushindwa kwa werevu wa Amar Ayyar, mjanja mwenye mfuko wa zambil unaomeza kila kitu na kutoa kila kitu. Kwa Tolkien, nguvu kubwa haifai kushikwa na yeyote, hata mwema. Kwa wasimulizi wa Lucknow, nguvu ni ya kuibiwa, kuchezewa na kuchekwa. Msimamo wa kwanza unatoka kwa mtu aliyeona mizinga. Wa pili ni wa baraza lililotaka kukesha kwa furaha. Sioni sababu ya kuuweka mmoja chini ya mwingine.

Tofauti inayobaki ni ya mahali. Shire, nchi ya kwao Frodo, haina bandari. Anayeipenda hana pa kwenda ila kurudia kusoma. Kaburi la Liyongo watu huonyeshwa karibu na Kipini, kunakomwagika mto Tana, na mapenzi kwake yamechanganyika na ujirani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kijana wa Mombasa au Dar es Salaam anayekesha na Tolkien amewakimbia wahenga wake. Anakwenda kutafuta ramani ambayo utendi haukuhitaji kuchora. Wala sikubaliani na wanaodhani fantasia ilitufikia kwa meli ya Mwingereza. Mtu asiyedhurika ila kitovuni kwa shaba alikuwa akisimuliwa Pate kabla Tolkien hajazaliwa.

Wewe uliyemaliza juzuu ya tatu ya Tolkien na unaona pengo, tafuta Utendi wa Fumo Liyongo. Usiusome kimya. Mwite mwenzio, usomeni kwa sauti, mkipokezana beti.