Neno "Pekee" na Maziwa ya Mama: Historia Fupi ya Istilahi

Istilahi nyingi hupimwa na wataalamu mezani, nazo zikipita hapo huhesabiwa kuwa zimefaulu. Zipo nyingine, hata hivyo, ambazo hupimwa nyumbani kwa mzazi, na kosa lake hulipwa na mtoto. Makala haya yanahusu istilahi moja ya aina hiyo, yaani "kunyonyesha maziwa ya mama pekee", hasa inapotumiwa kwa mama mwenye virusi vya ukimwi (VVU).

Tuchukue Mkula kuwa mfano. Kata hiyo imo katika wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Kabla ya hapo Mkula ilikuwa katika wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Wenyeji wengi wa huko husema Kisukuma nyumbani. Kwa hiyo fundisho la afya lililoandikwa kwanza kwa Kiingereza hupita katika tafsiri mbili kabla ya kumfikia mzazi: mfasiri hulitia katika Kiswahili, kisha muuguzi hulieleza kwa Kisukuma. Neno likiwa na walakini katika tafsiri ya kwanza, ni vigumu tafsiri ya pili kulinyoosha.

Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka miwili baadaye, mwaka 1985, ilithibitishwa kwamba virusi vya ugonjwa huo huweza kuwamo katika maziwa ya mama. Jambo hili liliwatia waganga katika mashaka makubwa. Maziwa yale yale yanayomlisha mtoto na kumkinga na kuhara na homa ya mapafu, yaweza pia kumwambukiza. Pasipo kinga yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa, ama wakiwa tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama kwa kunyonya.

Shauri la kwanza lilikuwa kumwepusha mtoto na ziwa la mama, na hapo ndipo "maziwa mbadala" yalipoingia katika vitabu vya mafunzo. Mwaka 2000 Tanzania ilianza majaribio ya huduma ya kuzuia maambukizi ya mama kwa mtoto katika hospitali tano, mojawapo ikiwa Bugando, Mwanza. Neno "mbadala" humwambia msikilizaji kwamba kitu kimoja chaweza kushika nafasi ya kingine bila hasara. Utafiti uliofanywa Nairobi na kutangazwa mwaka huo huo wa 2000 ulionyesha kwamba hasara ipo. Hadi kutimiza miezi 24, walioambukizwa miongoni mwa watoto waliopangiwa kunyonya walikuwa asilimia 36.7, na miongoni mwa waliopangiwa maziwa ya kopo asilimia 20.5. Lakini idadi ya vifo katika makundi hayo mawili haikuachana sana, ingawa wazazi wa utafiti huo walikuwa na maji safi ya bomba. Mama asiye na maji safi, kuni za kutosha wala fedha ya kopo jingine, angetarajia nini?

Wakati huo, mwaka 1999, habari nyingine ilikuwa imetoka Durban, Afrika Kusini. Watoto walionyonya na papo hapo wakapewa maji au vyakula vingine waliambukizwa zaidi, katika miezi mitatu ya kwanza, kuliko wale walionyonya tu bila kuchanganyiwa chochote. Wataalamu wengi hudhani kwamba vyakula vya mapema huudhuru utumbo mchanga wa mtoto na kuvifungulia virusi njia. Tangu hapo neno dogo "pekee" likabeba mzigo ambao halikuwa nao zamani.

Je, neno hilo laweza kuubeba mzigo huo? Kwa maoni yetu, peke yake haliwezi, kwa sababu mbili. Kwanza, msikilizaji husikia "maziwa ya mama pekee" akalinganisha maziwa na maziwa: ya mama, si ya ng'ombe wala ya kopo. Maji hayamo katika ulinganisho huo, wala uji mwepesi, wala dawa za miti shamba. Mzazi ampaye mtoto kijiko cha maji siku ya joto aweza kuapa kwamba amelifuata fundisho, naye hasemi uongo. Pili, yule alichukuaye neno kwa ukali wake wote aweza kumnyima mtoto hata dawa ya maji aliyopewa na mganga imkinge na VVU. Hivyo neno moja laweza kukosewa kwa upande wa kulegeza na kwa upande wa kukaza.

Matibabu yamesonga mbele sana. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kunyonyesha kuambatane na dawa za kufubaza virusi. Mwaka 2013 Tanzania ilianza utaratibu wa kuwapa wajawazito wote wenye VVU dawa hizo kwa maisha yao yote, na tangu mwaka 2016 Shirika hilo linashauri kwamba mama anayetumia dawa sawasawa aweza kunyonyesha hadi miezi 24 au zaidi. Kwa njia hii maambukizi yaweza kushushwa chini ya asilimia 5. Hata hivyo miezi sita ya kwanza ingali ya maziwa ya mama pekee, na neno letu lingali kazini.

Hatupendekezi "pekee" lifutwe, maana limekwisha kuzoeleka. Tunapendekeza lisiandikwe popote bila fasili yake: mtoto asipewe kitu kingine chochote, hata maji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mganga. Aidha, "chakula cha nyongeza" kitumiwe kwa mtoto aliyetimiza miezi sita tu, na kumpa chakula kabla ya hapo kuitwe "kuchanganya", ili jambo jema na jambo la hatari yasiitwe kwa jina moja. Nalo "mbadala" lifuatane daima na masharti yake ya maji safi, kuni na fedha.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa afya, hasa wanaofundisha kwa lugha nyingine za nchi yetu, watuandikie jinsi mafundisho haya yanavyosikika huko waliko. Muuguzi wa Mkula ndiye anayejua mzazi ameelewa nini.