Shahada za juu za kufundisha sanaa: Ipi inamfaa nani?

Na Mwandishi Wetu

MHITIMU wa shahada ya kwanza ya sanaa anayetaka kuendelea na masomo hukutana na majina yanayofanana katika vitabu vya maelezo ya vyuo vikuu: uzamili wa sanaa za ufundi, uzamili wa elimu ya sanaa, uzamili wa ubunifu, stashahada ya uzamili ya elimu.

Majina hayo hukaribiana, lakini kila moja humpeleka mwanafunzi mahali pake. Anayekosea kuchagua huweza kugundua kosa lake baada ya miaka miwili, ada ikiwa imekwisha kulipwa, pale anapoambiwa kwamba cheti alicho nacho hakimruhusu kusimama mbele ya darasa alilolikusudia.

Kiini cha jambo ni kimoja. Kujua kuchora ni elimu, na kujua kumfundisha mwingine kuchora ni elimu nyingine. Kozi za juu zimegawanyika kwa kufuata mpaka huo.

Njia ya kwanza ni uzamili wa sanaa za ufundi, ambao nchini Marekani hujulikana kwa kifupi kama MFA. Mwanafunzi hutumia miaka miwili au mitatu katika karakana, akichora, akichonga, akifinyanga au akichapa, na mwishoni huonyesha kazi zake hadharani.

Mwaka 1977 chama cha Marekani cha College Art Association kilitoa mwongozo ulioitambua MFA kuwa shahada ya mwisho kwa msanii mtendaji. Kwa sababu hiyo, mwenye shahada hiyo huweza kuajiriwa kufundisha chuo kikuu nchini humo bila kuwa na uzamivu. Hata hivyo, shahada hiyo peke yake haimwelezi mhitimu jinsi mtoto wa miaka minane anavyojifunza.

Njia ya pili ni uzamili wa elimu ya sanaa na ubunifu. Hapa mwanafunzi haulizwi tu atachora nini; huulizwa wengine wajifunze vipi kuchora, na kwa nini wajifunze.

Masomo yake ni historia ya ufundishaji wa sanaa, makuzi ya mtoto, uundaji wa mitaala, mbinu za utafiti, na upimaji wa kazi zisizo na jibu moja sahihi. Ubunifu wa vitu vya matumizi, kama vile vitambaa, samani na machapisho, una taratibu zake: mwanafunzi huanza na haja ya mtumiaji, hutengeneza kielelezo, hukijaribu na kukisahihisha. Mwalimu hana budi kujua kuzipima hatua hizo zote, asitazame kitu kilichokamilika pekee.

Njia ya tatu ni stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na huambatana na mazoezi ya kufundisha shuleni. Hiyo ndiyo inayompa mwenye shahada isiyo ya ualimu sifa ya kusajiliwa. Nchini Kenya, kwa mfano, Tume ya Huduma ya Walimu (TSC) hudai stashahada hiyo kwa mhitimu ambaye hakusomea ualimu katika shahada yake ya kwanza na anataka kufundisha sekondari.

Wapo wanaodhani kwamba msanii mzuri hahitaji kusomea ufundishaji. Historia ya Afrika Mashariki inaonyesha uzito wa jambo hilo.

Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea uchoraji katika shule ya Slade mjini London, hakuishia hapo. Aliendelea kusomea ualimu wa sanaa katika Institute of Education ya mji huohuo, akifundishwa na Marion Richardson. Mwalimu huyo alikuwa mashuhuri kwa kuwasimulia wanafunzi mandhari kwa maneno, wao wakiwa wamefumba macho, kisha akawaachia wachore walichokiona akilini badala ya kunakili kitu kilichowekwa mezani.

Trowell aliichukua mbinu hiyo hadi Uganda. Mwaka 1937 alianza kufundisha sanaa mjini Kampala kwenye baraza ya nyumba yake, na darasa hilo likakua na kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake. Aliamini kwamba wanafunzi wachore kutokana na hadithi, maisha na kazi za mikono za kwao, wasimezeshwe kwanza kanuni za Ulaya.

Alipostaafu mwaka 1958, nafasi yake ilishikwa na Cecil Todd. Yeye alitilia mkazo historia ya sanaa ya Ulaya, nadharia ya rangi na uchoraji wa kutazama. Wote wawili walikuwa wasanii. Walichotofautiana ni jinsi ya kufundisha.

Tofauti hiyo haikuwa ya maneno matupu, kwani waliopita mikononi mwa Trowell waliisambaza elimu yake katika nchi tatu. Sam Ntiro wa Tanganyika na Gregory Maloba wa Kenya walifundisha Makerere. Maloba, aliyechonga sanamu ya uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962, baadaye alikwenda kufundisha ubunifu Nairobi. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965.

Kwa upande wa Marekani, mfano ulio wazi ni wa Viktor Lowenfeld, mwalimu wa Kiyahudi aliyeikimbia Austria wakati wa Wanazi. Alifundisha kwanza katika chuo cha Weusi cha Hampton, jimboni Virginia, kisha mwaka 1946 akahamia Pennsylvania State, ambako alijenga idara ya elimu ya sanaa yenye masomo ya ngazi ya juu. Kitabu chake cha mwaka 1947 kuhusu hatua za makuzi ya uchoraji wa mtoto kilisomwa na vizazi vya walimu.

Mwanafunzi wake, John Biggers, alimfuata kutoka Hampton na kupata shahada ya udaktari mwaka 1954. Sehemu ya kazi yake ya udaktari ilikuwa mchoro mkubwa wa ukutani kuhusu mchango wa wanawake Weusi katika maisha na elimu ya Marekani, aliouchora katika jengo la YWCA mjini Houston. Kabla ya hapo, mwaka 1949, alikuwa ameanzisha idara ya sanaa katika chuo ambacho leo ni Texas Southern University, na wanafunzi wake nao walichora kuta za chuo hicho.

Hivyo tasnifu ya elimu ya sanaa si lazima iwe maandishi pekee. Vyuo kadhaa hukubali kazi ya mikono iambatane na maelezo ya kitaaluma, ilimradi mwanafunzi aonyeshe swali alilolichunguza na jibu alilolipata.

Suala hili lina uzito wa pekee kwetu sasa. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kitaifa mwaka 2019 umeifanya sanaa na michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za shule ya upili. Tanzania nayo ilianza kutekeleza mitaala mipya mwaka 2024, na somo la Sanaa na Michezo limo katika elimu ya msingi.

Mtaala unaweza kuandikwa kwa miezi, lakini mwalimu wa kuufundisha huchukua miaka kuandaliwa. Mahali ambapo mwalimu huyo hayupo, kipindi cha sanaa hugeuka kuwa saa ya kunakili picha ya ubaoni, au hutolewa kwa hisabati.

Kabla ya kujaza fomu na kulipa ada, mwombaji anashauriwa kujibu maswali manne.

Kwanza, anataka kufundisha ngazi gani: msingi, sekondari, chuo au makumbusho? Pili, je, kozi hiyo inampa sifa ya kusajiliwa kuwa mwalimu katika nchi atakayofanyia kazi, au inaongeza elimu tu?

Tatu, je, kuna mazoezi ya kufundisha, na yanafanyika wapi? Nne, chuo kinadai nini katika maombi? Kozi za karakana hutazama zaidi mkusanyo wa kazi za mwombaji, wakati zile za elimu ya sanaa aghalabu hutaka pia maelezo ya uzoefu wake wa kufundisha na jambo analotaka kulichunguza.

Anayetaka kuishi kwa kazi za mikono yake achague karakana. Anayetaka ajira ya sekondari aanze na stashahada ya uzamili ya elimu. Na anayetaka kuandaa walimu, kutunga mitaala au kuongoza idara, uzamili wa elimu ya sanaa na ubunifu ndio unaomfaa.