Kutoka Nyali Hadi Mau Summit

Huku Kericho tunaongea sana kuhusu barabara ya Rironi–Mau Summit, iliyozinduliwa Novemba 2025. Chai yetu hupita huko ikienda mnadani Mombasa, na barabara ikiisha, kupita kutalipiwa. Wenzetu wa Bomet wanaozungukia Narok wasicheke: Mai Mahiu nayo imo.

Lakini si jambo geni. Daraja la Nyali la 1931 lilikuwa la kampuni, na aliyevuka alilipa. Je, magari ya jeshi nayo yalipe? Kesi hiyo ilifika Mahakama ya Rufaa, London, mwaka 1955. Jaji Denning akafananisha sheria ya Uingereza na mwaloni: ukiupanda Afrika, utunze kulingana na udongo wa huku.

Miaka ya 1980 serikali iliweka vituo vya ushuru barabarani. Sheria ya 1993 ikaleta tozo ya mafuta, vituo vikafungwa. Gilgil jina "Toll Station" lipo mpaka leo.

Kisha 2022 ikaja Nairobi Expressway, kilomita 27. Unalipa pesa taslimu, kadi, au unabandika kifaa kwenye kioo: mtambo unakisoma, kizuizi kinainuka, salio linapungua.

Teknolojia sina neno nayo. Ila tozo ya mafuta, iliyokuja kuchukua nafasi ya vituo, bado ipo, na tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa lita. Mwenye lori ataongeza bei ya kubeba. Mchuma chai ataongeza nini, na bei inapangwa mnadani?