Reli iling'olewa, njia ikabaki: kutoka Elroy hadi Sparta

Treni zikiacha kupita, miji iliyozaliwa na reli hubaki na nini? Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, miji ya Elroy, Kendall, Wilton, Norwalk na Sparta ilikabili swali hilo miaka ya 1960.

Reli yao ya mwaka 1873 ilipenya vilima kwa mahandaki matatu. Refu kuliko yote, karibu na Norwalk, lina urefu wa mita 1,160 hivi. Milango mikubwa ya mbao ilifungwa wakati wa baridi ili barafu isiharibu kuta. Mlinzi aliifungua treni ilipokaribia.

Ardhi hiyo ingeuzwa vipande vipande, njia ingekatika na kusahaulika. Serikali ya jimbo iliinunua, na mwaka 1967 ikafunguliwa kwa waendao kwa miguu na baiskeli, kilomita 52 hivi. Ni miongoni mwa njia za kwanza za aina hii nchini humo.

Leo stesheni ya zamani ya Kendall hupokea wageni. Mahandaki hayana taa: mwenye baiskeli hushuka na kuikokota, tochi mkononi.