Mizani Mikononi mwa Nani? Historia ya Shaka ya Mkulima wa Pamba

Ni desturi katika vitabu vya sherehe kama hiki kuandika habari za maghala yaliyojengwa, tani zilizokusanywa na wageni wa heshima waliotutembelea. Wenzangu wameyaandika hayo katika kurasa nyingine, nao wamefanya vema. Mimi niliombwa kuandika historia, nami nimechagua historia ya jambo moja lisilopigwa picha wala kuwekewa jiwe la msingi, yaani shaka ya mkulima wa pamba. Nathubutu kusema kwamba pasipo shaka hiyo, leo kusingekuwa na Ushirika wa kuadhimishwa katika nchi hii ya Uzinza na Usukuma.

Mkulima wetu amelaumiwa na kila serikali na kila mtaalamu kuwa ni mtu wa kushuku mno. Akiletewa sheria mpya huuliza ni ya nani. Akiletewa chombo kipya hukizunguka mara mbili kabla ya kukigusa. Mabwana shamba wa wakati wa ukoloni waliandika habari hizo kwa masikitiko, na maofisa wa siku zetu huzisema mikutanoni kwa maneno mengine. Yafaa basi tuangalie shaka hiyo ilitoka wapi, na kama ilikuwa ya bure.

Ilitoka kwenye mizani. Katika miaka ya 1940 mkulima wa Jimbo la Ziwa alibeba pamba yake kichwani, au kwa baiskeli, mpaka gulioni. Huko alimkuta mnunuzi mwenye leseni, ambaye alinunua kwa niaba ya wenye vinu vya kuchambulia. Bei ilipangwa na Serikali, wala mkulima hakuulizwa. Lakini bei hata iwe nzuri namna gani, hulipwa kwa uzito. Na uzito ulisomwa na karani wa mnunuzi, kwa namba ambazo wengi hawakujua kuzisoma, juu ya mizani ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila karani huyo. Wazee wamesimulia habari za kidole kilichoegemea, za mguu uliosogea chini ya sahani, na za ratili zilizokatwa kwa ajili ya gunia hata kama gunia lilikwisha katwa. Wanunuzi nao walikuwa na malalamiko yao, na si yote yalikuwa ya uongo: kulikuwa na pamba iliyonyunyiziwa maji, na mawe yaliyofichwa katikati ya mzigo. Ndivyo ilivyo biashara isiyo na uaminifu. Kila upande huiba kwa hofu ya kuibiwa.

Dawa iliyobuniwa na wakulima ilikuwa nyepesi. Hawakuanza kwa kudai kinu wala benki. Walianza kwa kutaka wapimaji wao wenyewe wasimame gulioni, wapime mzigo kabla haujafika kwa mnunuzi, ili mwenye pamba ajue uzito wake mapema. Chama cha Wakulima wa Jimbo la Ziwa, kilichoongozwa na Paul Bomani, kijana aliyepata kufanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kilijengwa juu ya haja hiyo katika miaka ya mwanzo ya 1950. Walitumia njia ambazo watu walikwisha zijua, hata viongozi wa vikundi vya kulima vya vijana, wale wanaoitwa basumba batale. Vyama vya msingi vikaota kila mahali, vikaungana katika vyama vikuu, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo wazee hulitaja hata leo kwa herufi zake, VFCU. Katika miaka hiyohiyo Shirikisho likapata kinu chake huko Kasamwa, Geita. Kufikia mwaka 1960 karibu pamba yote ya Jimbo ilipita mikononi mwake, na watu walikuja kutoka nchi za mbali kulitazama.

Tukumbuke pia kwamba miaka hiyo chama cha TANU kilikuwa kimezuiwa katika Jimbo la Ziwa, tangu mwaka 1954 mpaka 1958. Kwa hiyo gulio la pamba lilikuwa mahali pa kununulia na kuuzia, tena lilikuwa baraza. Aliyejifunza kuuliza ratili zake hakukawia kuuliza na kodi yake.

Sasa, mtu aweza kudhani kwamba mkulima huyo alikataa kila kigeni. La, sivyo. Jembe la kukokotwa na ng'ombe lilienea Usukuma bila kulazimishwa. Mbegu zilizozalishwa na watafiti wa Ukiriguru, zile zenye herufi UK mbele ya namba, zilipokewa shambani kwa furaha, maana mtu aliweza kuona kwa macho yake kwamba mmea wa jirani haukushambuliwa na wadudu kama wa kwake. Alichokataa ni amri. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulileta sheria nyingi za matuta, za majosho na za kupunguza mifugo, na faini kwa asiyetii. Matuta ya kuzuia maji yalikuwa na faida yake, nami sitaki kuyadharau. Lakini faida iliyofungwa pamoja na faini haionekani tena kuwa faida. Mwaka 1958, Serikali ilipoanzisha Geita baraza la wilaya la mchanganyiko wa mataifa bila ya ridhaa ya wananchi, hasira zote hizo zilikutana. Watu kwa maelfu walipinga, na Serikali ikalazimika kurudi nyuma.

Na wale waliokuwa wakimwita mkulima mjinga walikuwa na Kongwa yao. Mwaka uleule wa 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga, wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kung'olea visiki. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua ikakosekana, majembe ya chuma yakakatika. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36. Mkulima yeyote wa Ugogo angeweza kuwaeleza habari za mvua ya kwao kwa kikombe kimoja cha maziwa.

Lakini historia ya haki haisemi makosa ya wageni peke yake. Katika miaka ya 1960, baada ya Uhuru, Ushirika wetu wenyewe ulishikwa na homa ya trekta. Mashamba makubwa ya pamoja yalifunguliwa Usukuma, matrekta yakanunuliwa, na wanachama wakaambiwa gharama zitakatwa kwenye pamba yao. Gharama zilikatwa kweli. Bali mazao hayakuzidi kwa kadiri ya gharama, vipuri vilichelewa, na palizi ilibaki kuwa ya mkono kama zamani. Trekta hulima upesi kuliko familia inavyoweza kupalilia na kuvuna, na jambo hilo mwanachama alilijua kabla ya mhasibu.

Baya zaidi lilikuwa jingine. Mizani ambayo wazee waliipokonya kwa jasho kutoka kwa mnunuzi ilikuwa sasa mikononi mwa karani wa chama, na malalamiko yakawa yaleyale. Tume maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilikuta wanachama wasiokuwa na habari za chama chao, watumishi wasio na ujuzi wa kutosha, vyama vikuu visivyosikiliza watu wa chini, na siasa iliyoingia mahali pa hesabu. Mwaka 1968 VFCU ikawa imekwisha, na mahali pake pakasimama Chama Kikuu cha Nyanza. Nawaomba viongozi wetu wa leo waisome aya hii mara mbili. VFCU haikuangushwa na Mhindi wala Mwingereza. Ilichoshwa na wanachama ambao walikuwa wameacha kuiuliza, kwa sababu walikwisha kata tamaa ya kujibiwa.

Yaliyofuata yajulikana, nitayapita upesi. Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa nchini kote. Vijiji vikaambiwa kuwa ndivyo vyama, na Mamlaka ya Pamba ikanunua. Miaka michache baadaye sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuvivunja kulikuwa kosa. Ni viongozi wachache wa dunia wanaosema hivyo wakiwa bado madarakani. Lakini mali, vinu na uzoefu uliotawanyika havikurudi kwa kukiri.

Mwaka 1994 soko likafunguliwa, makampuni yakaingia. Tulihubiriwa kwamba ushindani utaondoa wizi, na kwa upande mmoja ilikuwa kweli: mkulima alilipwa fedha taslimu siku ileile, jambo ambalo vyama vikuu vilikuwa vimeshindwa, na msimu wa 2005/06 nchi ilivuna pamba ya mbegu zaidi ya tani 370,000, mavuno ambayo hayakuwahi kuonekana. Kwa upande mwingine, wanunuzi waliposhindana kuijaza lori kabla ya mwenzao, waliacha kutenga pamba safi na pamba fifi, na mizani ya rula ikajifunza upya ujanja wa miaka ya 1940. Ushindani ulipandisha bei iliyoandikwa ubaoni, nayo mizani ikaishusha kimyakimya.

Ndipo mwaka 2018 Serikali ikaagiza pamba inunuliwe tena kupitia Vyama vya Msingi. Msimu uliofuata wa 2019 bei elekezi ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, makampuni yakasita, na wakulima wengi wakakaa miezi wakiwa na stakabadhi mkononi pasipo fedha. Katika jambo hili nina maoni yangu. Nia ya Serikali ilikuwa kumlinda mkulima. Lakini bei iliyotangazwa jukwaani si bei mpaka ipatikane mwenye kuilipa, na mwanachama aliyekuwa na mtoto wa kupeleka shule hakuweza kulipa ada kwa tangazo.

Nimeyasema hayo yote ili nifike kwenye mambo ya leo. Siku hizi tunaletewa mizani ya kidijitali, orodha ya wakulima ndani ya kompyuta, malipo kwa njia ya simu na benki, na mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika wa kusimamia vyama, uitwao MUVU. Mimi si adui wa vitu hivi. Mizani inayoonyesha namba kwa mwanga ni rahisi kusomwa kuliko rula, na fedha inayoingia moja kwa moja katika simu ya mwenye pamba haipiti katika mfuko wa katibu. Wazee wa 1950 wangeifurahia.

Hata hivyo wangeizunguka mara mbili. Wangeuliza kioo cha namba kinatazama upande gani, kwa karani au kwa mwenye mzigo. Wangeuliza kuhusu kile kitufe cha kurudisha sifuri, ambacho humwezesha mpimaji kukata uzito wa gunia kabla gunia halijawekwa, maana kitufe hicho ni kidole kilekile cha zamani kilichoingia ndani ya mashine. Wangetaka kuuona muhuri wa Wakala wa Vipimo na mwaka wake. Wangeuliza betri ikifa saa tisa alasiri, na watu 40 wako kwenye foleni, kilo zinaandikwa wapi. Na kama namba ya kwenye karatasi haikubaliani na ile ya kompyuta, ni ipi itakayolipwa, na ni nani mwenye ruhusa ya kusahihisha. Juu ya malipo ya simu wangekumbusha kwamba mwaka 2021 tozo ya miamala iliwekwa, kisha ikapunguzwa baada ya malalamiko mengi. Njia ya fedha ikishakuwa moja, ni rahisi kuweka mlango wa ushuru juu yake.

Sisi wa Buseresere, tunaotazamana na Katoro, tunao mfano karibu. Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo aliyezoea kuuza kwa mabroka gizani alipata mahali penye mizani ya hadhara, kipimo cha ubora na bei inayojulikana. Limesaidia. Lakini mchimbaji asiporidhika hurudisha dhahabu yake mfukoni na kwenda zake. Mkulima mwenye kilo 600 juu ya mkokoteni wa kukodi hana mfuko wa namna hiyo. Akishafika gulioni ameuza, hata kama mizani haijasema. Kwa sababu hiyo ulinzi wake hauna budi kuwapo palepale gulioni, siku ileile, wala usingoje ukaguzi wa mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo naleta ombi moja mbele ya wajumbe wa Mkutano Mkuu, kwa heshima zote. Katika kila gulio la Chama chetu iwekwe mizani ya pili, ya kawaida, iliyopigwa muhuri, pembeni ya ile ya kidijitali, chini ya mpimaji atakayechaguliwa na wanachama kwa msimu mmoja tu, asiyekuwa karani wala ndugu wa karani. Mwenye kutaka apime huko kwanza. Tena orodha ya kilo za kila siku ibandikwe ukutani jioni, kwa wino, kwa majina, kabla haijatumwa popote. Gharama yake ni mizani kuukuu tulizo nazo ghalani, karatasi, na posho ya mtu mmoja kwa kila gulio.