Kinu, mashini na maji: historia ya unga wetu wa mihogo

Kila mtu anayekula bugali ya mihogo anakula historia ndefu bila kujua. Katika kurasa hizi tunataka kufuata njia ya unga ule, tangu kinu cha bibi zetu mpaka mashini ya mazutu inayolia leo pembeni ya masoko yetu ya Kivu ya Kusini. Tutasema faida ya mashini, kwani ni kubwa. Lakini tutasema pia juu ya kazi moja ambayo mashini haiwezi kuifanya, na ambayo tukiisahau italeta kilio nyumbani.

Mgeni aliyekuwa mwenyeji

Vijana wengi wanafikiri kama mihogo ilikuwa hapa tangu mwanzo. Sivyo. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliileta toka Brazili mpaka pwani ya ufalme wa Kongo katika karne ya 16, na toka pale ilipanda mito na kufuata njia za biashara, kijiji kwa kijiji. Mbele yake, wazee wetu wa Kivu walikula hasa ndizi, mtama, ulezi na maharagi.

Wakati wa Wabeleji, sheria ya mwaka 1917 iliruhusu serkali kulazimisha watu kulima mimea iliyochagua, mpaka siku 60 kwa mwaka. Wazee wanakumbuka zaidi taabu ya pamba, lakini mashamba ya chakula nayo yaliamriwa. Hata hivyo, si fimbo tu iliyofanya mihogo ipendwe. Inavumilia udongo uliochoka, inatoa sombe, na mizizi yake inaweza kungoja ndani ya udongo miezi mingi. Sisi tuliopita vita tunajua maana yake: mtu anakimbia, anarudi, na pengine anakuta chakula kingali shambani.

Ufundi wa maji

Lakini mihogo michungu ina sumu. Wataalamu wanasema kama ndani yake kuna kitu kinachoitwa linamarini, ambacho kinaweza kutoa sianidi. Wenyeji wa Amerika walizoea kukwaruza mizizi, kuikamua na kuichoma. Kwetu ilishika njia ya maji: kumenya, kulowesha siku tatu ao ine mpaka mzizi ulainike, kuanika juani, kutwanga, kuchekecha. Mzizi ukilainika ndani ya maji, sumu inaachana nao, sehemu inabaki majini na sehemu inapotelea hewani.

Hakuna kitabu kilichofundisha wamama wale. Walijua kwa pua, kwa vidole, na kwa hesabu ya siku. Mutoto akilia njaa, alijibiwa: «Ngoja, maji haiyamaliza kazi yake.» Watu wengine wanafikiri teknolojia ni chuma na motere tu. Sisi tunasema kisima kile cha kuloweshea kilikuwa teknolojia kamili, na mwenye kuimiliki alikuwa mama.

Tuangalie tena kinu. Mzizi uliokaa majini siku za kutosha, ukikauka unavunjika kwa urahisi. Ule uliotolewa mapema unabaki mgumu kama kijiti, unachosha mikono. Kwa hiyo mtwangio ulikuwa pia mkaguzi. Mama mwenye haraka aliazibiwa na kinu chake mwenyewe, na mara ingine hakurudilia.

Mashini inafika

Kisha mashini ya kusaga ikaja. Ndani yake kuna vyuma vinavyozunguka kwa nguvu kama nyundo nyingi, vinapiga mihogo mpaka iwe unga mwepesi wa kupita katika matundu ya chekeche. Kazi iliyokula asubuhi nzima ya mama na binti zake, inaisha kwa dakika chache. Tusidharau jambo hili. Sisi walimu tumeona wasichana waliokuwa wanachelewa masomo juu ya kutwanga, leo wanafika saa ya kwanza ya masomo. Mtu anayelilia kinu cha zamani, mara nyingi ni mwanaume ambaye hakutwanga hata siku moja.

Ila mashini haina pua wala mikono inayochoka. Inasaga mzizi laini, inasaga na mzizi mgumu, na unga wote unatoka mweupe. Mkaguzi wa zamani ameondoka, na hatukuweka mwingine pahali pake.

Miguu iliyofungwa

Je, hatari hii ni hadisi ya kutisha watoto? Hapana. Mwaka 1938, munganga Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango ambao Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamuka miguu imekakamaa. Unashika hasa watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, na hauna dawa ya kuuponyesha. Baadaye watafiti walieleza kama unatokea pahali watu wanakula kwa muda mrefu mihogo michungu isiyotengenezwa vema, bila chakula cha kujenga mwili kama maharagi, samaki na nyama, ambacho kinasaidia mwili kushinda sumu.

Tena walionyesha jambo la kufikirisha. Katika Bandundu, barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilileta wanunuzi wengi. Ili kuuza upesi, jamaa nyingi zilipunguza siku za kulowesha, toka tatu mpaka moja. Barabara ilikuwa kitu chema, na biashara pia. Ni siku mbili za maji tu zilizokatwa, na watu walibaki vilema. Haraka haraka haina baraka: methali hii tunaisema kila siku bila kuipima.

Na isisemwe kama ni mambo ya mbali. Mwaka 2011, watafiti walitangaza kama konzo imeonekana kwetu Kivu ya Kusini, katika eneo la Burhinyi, kati ya taabu za vita. Mtu anayekimbia hana siku ine za kungoja maji.

Elimu inaweza kusaidia

Sayansi haikukaa kimya. Howard Bradbury wa Australia na wenzake walitengeneza njia rahisi: unga uliokwisha kusagwa unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba, unaachwa masaa 2 juani ao masaa 5 kivulini, kisha unapikwa siku ile ile. Sumu nyingi inaondoka. Toka mwaka 2010, wamama wa kijiji cha Kay Kalenge, upande wa Popokabaka, walifundishwa njia hii pamoja na waganga Wakongomani, na kesi mpya za konzo zilikoma pale wakati wa kazi ile. Tuone vizuri: mashini ilipoondoa mkaguzi, dawa ilikuwa kurudisha maji.

Siku moja tuliuliza wanafunzi wetu bei ya kusaga beseni moja. Mikono yote iliinuka. Tukauliza mihogo inakaa majini siku ngapi. Iliinuka mikono mitatu, yote ya wasichana waliokaa na bibi zao. Siku ile tuliogopa kidogo.

Ndiyo sababu tunaandika. Hatuombi mtu arudi kwenye kinu. Tunaomba kila mzazi, akimtuma mtoto kwenye mashini, amwambie pia hesabu ya siku. Tunaomba wenye mashini wakatae mizizi migumu inayolia kama mawe ndani ya chuma. Na sisi walimu, tuandike ubaoni ile elimu ya bibi zetu pembeni ya somo la kemia, kwani ni somo moja. Motere inapunguza kazi ya mikono, na tunashukuru. Lakini siku za maji, hakuna motere inayozipunguza.