Treni ya Umeme Iendayo Mitokondria

Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alitoa hoja iliyopingwa vikali na wanabiokemia wenzake. Alisema mitokondria, ambazo ndizo huipatia seli nguvu, hufanya kazi kwa umeme: protoni husukumwa nje ya utando wa ndani, ndani hubaki na chaji hasi, na tofauti hiyo ndiyo huzalisha ATP, kemikali inayobeba nguvu hizo.

Waliojitosa kuupima umeme huo walikuwa Efim Liberman na Vladimir Skulachev wa Moscow. Kuchomeka waya kwenye kitu chenye upana wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita hakukuwezekana, hivyo walitumia ayoni za maabara ambazo chaji yake imefunikwa na pete za kaboni. Ayoni ya sodiamu hukwama kwenye mafuta ya utando; hizi hupenya. Zenye chaji chanya zikaingia mitokondria. Walipotumia vifuko vya utando uliogeuzwa nje ndani, zikaingia zenye chaji hasi. Kwangu mimi, jaribio hili lililochapishwa mwaka 1969 ni miongoni mwa mazuri kabisa ya karne ile: utando ni uleule, umegeuzwa tu, na umeme nao ukageuka. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978 kwa hoja yake.

Skulachev aliona mbali zaidi. Ayoni kama hiyo, alisema, ni kichwa cha treni ya umeme. Kifungie behewa, kitalivuta hadi ndani.

Behewa lenye dawa lilifungwa New Zealand. Katika Chuo Kikuu cha Otago, Michael Murphy na Robin Smith waliunganisha trifenilifosfoniamu, ayoni ya aina hiyo, na kwinoni, kemikali inayozuia sumu za oksijeni, wakapata MitoQ. Hesabu yake inasisimua: kila milivolti 60 huzidisha dawa mara kumi, na utando wa mitokondria hubeba 150 hadi 180. Dawa hujazana humo mamia ya mara kuliko nje.

Lakini kufika si kuponya. Wagonjwa 128 wa Parkinson walijaribiwa kwa mwaka mzima, na matokeo ya 2010 yakaonyesha kwamba MitoQ haikupunguza kasi ya ugonjwa. Dalili zinapojitokeza, seli nyingi za ubongo zinazohusika zimekwisha kufa. Tena treni hii ina udhaifu wake: mitokondria zenye ugonjwa hupungukiwa na umeme uleule unaoivuta.

Hazel Szeto na Peter Schiller walipita njia nyingine. Dawa yao, elamipretide, iliyotokana na utafiti wa dawa za maumivu, haitegemei volti hizo. Hunasa kwenye kadiolipini, mafuta ya utando wa ndani. Septemba 2025 Marekani iliipa idhini ya haraka kwa ugonjwa wa Barth, ambao huharibu kadiolipini na kudhoofisha moyo na misuli, hasa ya watoto wa kiume. Idhini hiyo ilitokana na kuongezeka kwa nguvu za misuli inayonyoosha goti. Kampuni inayoitengeneza bado inadaiwa ushahidi kwamba wagonjwa wanapata nafuu ya kweli katika maisha yao.